Gripu za Joto za Pikipiki: Ipi Ununue Kwanza

Kidole kilichokufa ganzi huchelewa kuvuta breki, kwa hiyo mimi gripu za joto, yaani vishikio vya hendeli vinavyopashwa kwa umeme, siziweki kwenye kundi la mapambo. Ila kabla hujatoa pesa, jua kwamba gripu inapasha kiganja, ilhali upepo unapiga mgongo wa vidole. Bila kinga ya mikono mbele ya hendeli, kiganja kitaungua na kucha bado zitauma. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, anza na hiyo kinga, au na mifuko mikubwa inayofunika hendeli na mikono pamoja. Haipendezi machoni, lakini haili umeme.

Tukija kwenye gripu zenyewe, nafasi ya kwanza naipa gripu kamili. Unang'oa za zamani, unavalisha mpya zenye nyaya za joto ndani ya mpira. Oxford na Koso ni majina utakayokutana nayo mapema. Pima hendeli kabla ya kununua: nyingi ni milimita 22, ila kruza nyingi (pikipiki nzito za kukaa chini na kuegemea nyuma) zina milimita 25.4. Gripu ya kulia ina tundu pana zaidi kwa sababu inakaa juu ya bomba la plastiki la eksileta, na bomba hilo mara nyingi lina matuta ya kupigwa msasa mpaka yaishe. Chagua seti yenye ngazi kadhaa za joto na inayojizima yenyewe betri ikishuka.

Jaribu kuvalisha bila gundi kwanza. Mimi nilipaka gundi nikiwa bado nawaza waya utokee wapi. Gripu ikaganda kabla haijaingia yote, nikaitoa kwa kisu, vipande vipande. Waya wa kulia uachiwe ulegevu. Zungusha eksileta mpaka mwisho, kata hendeli kushoto na kulia, kisha achia: lazima eksileta irudi yenyewe bila kukwama.

Ya pili ni pedi nyembamba zinazobandikwa chini ya gripu ulizonazo. Ni nafuu, na unabaki na mshiko uliouzoea. Tabu yake iko kushoto. Kulia pedi inakaa juu ya plastiki, kushoto inakaa juu ya chuma kitupu, na chuma kinanyonya joto mpaka unadhani pedi ya upande huo imekufa. Tafuta seti ambayo pedi ya kushoto ina wati nyingi zaidi, au vika chuma kizuizi cha joto kwanza. Kusukuma gripu juu ya pedi nako kunataka subira, maana pedi ikijikunja inaweza kukatika ndani.

Za kufunga juu ya gripu, yaani vitambaa vya joto, naziweka mwisho. Zinafaa pikipiki ya kuazima, basi. Zinanenepesha mshiko, wenye viganja vidogo wanachoka haraka, na ikilegea upande wa eksileta unazungusha kitambaa huku injini haisikii.

Glavu za umeme sikuzipanga humu kwa kuwa ni mchezo mwingine: zinapasha mgongo wa vidole, kazi ambayo gripu haiwezi, lakini ama uchaji betri zake au ujifunge waya kwenye pikipiki.

Sasa umeme. Gripu za wati 40 kwenye mfumo wa volti 12 zinavuta kama ampia 3.3, na pikipiki ndogo inaweza isizimudu pamoja na taa. Washa injini, weka joto la juu kabisa, pima volti kwenye betri. Ukiongeza mwendo wa injini na kipimo bado kiko chini ya volti 13, betri inaliwa. Mwambie fundi apitishe umeme kwenye relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) inayowashwa na swichi ya ufunguo, na fyuzi ikae karibu na betri. Akitaka kuunga moja kwa moja kwenye betri bila hivyo, chukua ufunguo wako uondoke.