Gereji iliyoniambia "oili ni oili"

Nianze na jamaa wa kaunta, maana bila yeye nisingeandika chochote. Nilimuuliza jambo dogo tu: oili mnayoniwekea ni daraja gani? Akajibu huku macho yakiwa kwenye simu, "Bosi, oili ni oili. Hiyo ni 5W-30, si ndiyo kitabu chako kinavyotaka?" Nikamwomba anioneshe dumu. Akalileta kalishika upande wa mbele, wenye gari la mashindano na maandishi ya dhahabu. Nilipotaka kuligeuza akalivuta. "Kwani wewe ni injinia?"

Si injinia. Kusoma lakini najua. Nyuma ya dumu kuna kiduara, na ndani yake, baada ya neno API, yaani taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, kuna herufi mbili. Za dumu lao zilikuwa SL. Daraja hilo lilitoka 2001, na API wenyewe wanasema ni la injini za 2004 kurudi nyuma. Injini yangu ina turbo, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, na kitabu chake kimeandika SP, daraja jipya kuliko SL, nami nikamwambia hivyo. Hiyo 5W-30 ni habari ya uzito tu, oili inavyotiririka ikiwa baridi na ikiwa moto. Madumu mawili yanaweza kuwa 5W-30 yote na yakapishana kama miaka ishirini kwa ubora.

Na sikuuliza kwa kutaka ubishi. Gari lilikuwa limeanza kulia asubuhi, kra-kra-kra ya sekunde chache ukiwasha, kisha kimya. Mwanzoni waliniambia ni baridi. Baadaye wakaniambia ni valvu. Taa ya injini ilipowaka na mashine ya kupima ikatoa namba ya hitilafu P0016, yaani krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kamshafti (ule unaofungua valvu) hazisomani, ndipo wakakubali kufungua kava.

Sasa hapa nitawasifu, ingawa roho haitaki. Kijana aliyeifungua ile injini anajua kazi. Alitia alama za rangi nyeupe kwenye gia kabla ya kugusa chochote, akaniita, akaweka cheni ya zamani, ile inayounganisha krankishafti na kamshafti, na mpya sambamba juu ya gazeti. Ukizihesabu pingili ni zilezile, lakini ya zamani ilikuwa inapita mwisho wa mwenzake. Akainyanyua kwa ubavu ikalegea na kupinda, ile mpya ikabaki imenyooka. Pistoni ya kikaza cheni ilikuwa imetoka karibu yote, haina pa kwenda tena. Akasema kwa upole, "Mzee, hii cheni imekula masizi."

Alikuwa amemaliza yote kwa sentensi moja. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma chenyewe hakijavutika. Kila kiungo kina pini na bushi. Zikilika kidogo, ulegevu wa kiungo hiki unaongezwa na wa kile, mpaka cheni nzima inakuwa ndefu na kamshafti inachelewa. Injini zinazopuliza petroli ndani ya silinda hutoa masizi mengi kuliko zile za zamani. Yanaingia kwenye oili, yanapenya kwenye pini na kusaga kama msasa. Oili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ina viambato vya kuyazuia yasishikane, na vingine vya kuacha utando juu ya chuma. Ndiyo sababu SP ilipoanza, Mei 2020, iliongezewa jaribio la cheni ambalo madaraja ya nyuma hayakuwa nalo: injini ya Ford ya lita 2.0 yenye turbo inaendeshwa kwa saa 216, cheni inapimwa kabla na baada, na haitakiwi kurefuka zaidi ya asilimia 0.085. Hata SN, iliyotoka 2010, haikupitishwa hapo. Sembuse SL!

Haya, nisiwaonee. Cheni hailiki kwa oili ya mara moja, na gari hili nililinunua likiwa limeshatumika; aliyekuwa nalo huenda alikuwa anapitiliza muda wa kumwaga oili bila wasiwasi. Siwezi kuapa kwamba SL yao ndiyo iliyoiua. Na kazi ya yule kijana ilikuwa safi, injini ikawaka kwa mara moja bila mlio. Nilikuwa tayari kutoa nyota tatu na kuondoka zangu.

Kisha nikaona madumu matupu pembeni ya ukuta. Dhahabu ileile, gari lilelile la mashindano. Cheni mpya, kikaza kipya, plastiki za kuongozea mpya, halafu wakamimina SL! Baada ya maneno yote yale! Nikarudi kaunta. Jamaa akaniambia oili ya "hizo herufi" ipo, ila mteja asipoisema wao hawaiweki. Nilisema. Nilimwambia yeye, uso kwa uso, akaniuliza kama mimi ni injinia. Nikamkumbusha. Akacheka, akasema magari ya siku hizi yanadekezwa sana.

Nilipeleka gari kwingine siku hizohizo, oili ikamwagwa ikiwa bado ina rangi ya asali, filta mpya nayo ikatupwa. Risiti ya gereji hii ninayo: imeandikwa "oili", basi. Hakuna jina, hakuna daraja, hata uzito haupo.

Kwa hiyo nyota moja. Zile mbili nyingine ningempa yule kijana mkononi kama ingewezekana, maana siku akifungua gereji yake nitamfuata. Hapa nilishamaliza.