Uzoefu wangu na DDE: kulipia kompaila ya RISC OS wakati ya bure ipo

Kompaila ya C ya kulipia, yaani programu inayogeuza msimbo wa lugha ya C kuwa programu inayoendeshwa, pauni 50 za Uingereza, kwa ajili ya mfumo endeshi ambao wengi wa rika langu hawajawahi hata kuusikia. Na GCC, kompaila nyingine ambayo ni ya bure, iko palepale. Nimeinunua, naitumia karibu kila jioni nikitoka kazini, na leo hii ningeinunua tena. Nitaeleza kwa nini, pamoja na yale ambayo hayajanifurahisha, maana nayo yapo na mnunuzi anastahili kuyajua kabla hajatoa pesa yake.

Bidhaa yenyewe inaitwa Desktop Development Environment, kwa kifupi DDE. Wanaoiuza ni RISC OS Open, kampuni ndogo ya Uingereza ambayo tangu 2006 ndiyo inayoutunza mfumo wa RISC OS. Kwa asiyeufahamu, huu ni mfumo uliotoka kampuni ya Acorn ya Cambridge, kwa ajili ya kompyuta zao za Archimedes zilizoingia sokoni 1987. Prosesa ya kompyuta hizo ilikuwa ARM, iliyobuniwa hapohapo Acorn na Sophie Wilson na Steve Furber, na uzao wake ndio unaoendesha simu zetu karibu zote leo. Acorn ikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990 lakini mfumo haukufa nayo. Mwaka 2012 ulifika kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, 2018 msimbo wake ukafunguliwa kwa wote chini ya leseni ya Apache, na 2024 likatoka toleo la 5.30 ambalo hatimaye lilileta Wi-Fi kwenye Pi. Wapenzi wake wengi wako Uingereza, wana maonyesho yao ya kila mwaka, na jarida lao la Archive lipo tangu 1987. Hapa Nairobi tunaoutumia tunajuana kwa majina.

Ninautumia kwenye Raspberry Pi 4. Ukiwasha, sekunde chache tu meza, yaani skrini kuu ya kufanyia kazi, iko tayari. Kipanya kina vitufe vitatu na vyote vina kazi: cha kushoto kuchagua, cha katikati kuleta menyu, cha kulia kurekebisha. Hakuna menyu iliyobandikwa juu ya dirisha. Inatokea pale ulipo. Kuhifadhi faili, unaikokota aikoni yake kutoka kwenye kidirisha hadi kwenye folda unayotaka. Na ukibonyeza F12 ukaandika BASIC, umeshaingia kwenye lugha kamili ya programu bila kusakinisha chochote. Mimi mifumo mingine naitumia ofisini kutwa nzima, na bado sijaona mwingine unaonipa hisia kwamba mashine yote ni yangu, ninaweza kuifungua chumba baada ya chumba.

BASIC hiyo inatosha kwa mengi. Kilichonisukuma kwenye DDE ni chama. Sisi ni kikundi cha ndugu tunaochanga kila mwezi, na hesabu zilikuwa kwenye daftari la karatasi na kwenye vichwa vya watu wawili. Nilitaka programu ndogo ya Kiswahili: jina la mwanachama, alichotoa, anachodaiwa, zamu ya nani kupokea. Ningeweza kutumia programu yoyote ya hesabu iliyopo kwenye simu, ila nilitaka niijenge mwenyewe, na niijenge kwenye mashine ninayoipenda.

Ndani ya DDE kuna kompaila ya Norcroft ya C, asembla (ya msimbo ulioandikwa kwa maagizo ya prosesa yenyewe), linka (inayounganisha vipande kuwa programu moja), kifaa cha kutafuta makosa kinachoitwa DDT, na ResEd, ambacho ni kihariri cha madirisha na menyu. Kwangu ResEd pekee kimerudisha nusu ya bei. Unafungua faili la Res la programu yako, lenye madirisha na menyu zake, unachukua kisanduku cha kuandikia kutoka kwenye ghala la vipande, unakiweka kwenye dirisha, unakivuta mpaka kikae sawa. Kila kisanduku kina sifa zake, na mojawapo ni urefu wa juu wa maandishi yatakayokaa ndani. Ukitengeneza programu ya Kiswahili, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Programu nyingi za RISC OS zimepimiwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kitufe yenye herufi nne yanapewa nafasi ya herufi tano, na sentensi yetu ikiingia inakatwa mkia. Kwa ResEd unaongeza urefu huo, unapanua kitufe, kazi imekwisha. Nimefanya hivyo kwenye programu yangu, na pia kwenye programu kadhaa za watu ambazo maneno yake yako kwenye faili la kawaida linaloitwa Messages. Unabonyeza aikoni ya programu mara mbili huku umeshikilia Shift, folda yake inafunguka, unalikuta faili limekaa humo wazi, mstari baada ya mstari. Na kwa kuwa Kiswahili kinahitaji herufi za kawaida tu, udhaifu wa RISC OS kwenye maandishi ya lugha nyingine za dunia haunigusi hata kidogo.

Kukompaili nako kuna utaratibu wake. RISC OS haitumii viambishi vya mwisho kwenye majina ya mafaili, kwa hiyo faili la C linakaa kwenye folda inayoitwa c, mafaili ya vichwa (header) kwenye folda h, na matokeo ya kompaila kwenye folda o. Mwanzoni inashangaza, kisha unajiuliza kwa nini wengine hawafanyi hivyo. Unakokota faili hadi kwenye aikoni ya CC chini ya skrini, dirisha la machaguo linafunguka, unabonyeza Run. Kukiwa na kosa, linatokea dirisha liitwalo Throwback lenye orodha ya makosa. Bonyeza kosa mara mbili, na kihariri chako, mimi natumia StrongED, kinaruka moja kwa moja kwenye mstari wenye shida. Kompaila yenyewe ni ya haraka ajabu. Programu yangu ya chama inajengwa kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya.

Sasa upande wa pili. C++ iliyomo ni ya zamani mno; anayeandika C++ ya kisasa asipoteze pesa yake hapa, aende GCC. DDT inafanya kazi, lakini programu ikisimamishwa ndani yake, meza nzima inasimama nayo, huwezi hata kufungua faili jingine ukasoma. Hili ni tatizo la mfumo wenyewe: programu za RISC OS hupeana zamu kwa hiari, na moja ikigoma kuachia zamu, zote zinangoja mpaka ubonyeze Alt na Break uiue. Tena prosesa ya Pi 4 ina viini vinne na RISC OS inatumia kimoja tu. Vivinjari navyo vinahangaika na tovuti nyingi za leo. Mimi nina kompyuta nyingine kwa kazi hizo, na sioni namna mtu atakavyoishi na RISC OS peke yake kwa mahitaji yote ya siku hizi.

Kwa nini basi kulipa? Wenzangu kazini huniuliza hivyo, na jibu langu liko kwenye historia ya prosesa yenyewe. ARM za mwanzo ziliweka anwani ya maagizo na alama za hali ya prosesa kwenye rejista moja, hivyo anwani ikabaki na biti 26, yaani megabaiti 64 tu za programu. Baadaye ARM wakaachana na mpango huo. Mwaka 2002 ilipotoka kompyuta ya Iyonix yenye prosesa isiyoijua ile njia ya zamani, programu nyingi za miaka 15 ziligoma kwa mkupuo. Zilizokuwa na mwenyewe, mtu aliye hai, mwenye msimbo na mwenye sababu ya kukaa nao usiku, zilirekebishwa na zinatumika mpaka leo. Zisizo na mwenyewe zimebaki kuendeshwa ndani ya programu za kuigiza mashine za zamani.

Jambo hilohilo limerudi. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 ina prosesa inayoruhusu biti 32 kwa programu za kawaida tu. Mfumo endeshi wenyewe lazima uwe wa biti 64. RISC OS imejaa asembla ya biti 32 iliyoandikwa kwa mkono, kwa hiyo haiwezi kuwaka moja kwa moja kwenye Pi 5. Kuuhamisha ni kazi ya miaka, na RISC OS Open wameshaanza kuitafutia njia na pesa. RISC OS yenyewe inajengwa kwa DDE hiihii ninayoizungumzia. Ninapoilipia, ninawalipa watu wanaoshika msimbo wa mfumo kila siku. Kwenye programu yenye wateja mamilioni, pauni zangu 50 hakuna atakayezihisi. Hapa wanunuzi ni wachache kiasi kwamba kila nakala inahesabika.

Ndiyo maana nachukia nikimwona mtu akiomba agawiwe nakala ya programu ya RISC OS inayouzwa. Najua tulikokulia: diski ya programu iliyovunjwa kufuli ilikuwa inauzwa mtaani kama karanga, na hakuna aliyeona vibaya. Lakini programu ya namna hii inaandikwa na mtu mmoja au wawili, jioni, baada ya kazi yao ya mkate. Ukimnyima hicho kidogo anachodai, anachoka, anaacha, na prosesa inayofuata ikija tunabaki na aikoni isiyofunguka.

Malipo yenyewe yalinisumbua kidogo. Kadi yangu ya benki ilikataliwa, kwa sababu ambayo benki yenyewe haikuweza kunieleza. Nikatumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, ikapita mara moja. Pauni 50 ni zaidi ya shilingi 8,000 za Kenya, si pesa ya kuchezea. Nilipokwama kwenye maktaba za Toolbox, vipande vya msimbo vya kuendeshea madirisha na menyu, niliuliza kwa barua pepe, na aliyenijibu alikuwa anaujua msimbo kwa ndani, akanionyesha hata ukurasa wa mwongozo. Miongozo ya PDF inayokuja na DDE ni mirefu na imeandikwa kwa uangalifu. Isome kwanza, itakuokoa.

Kuna pia mfuko wa zawadi za kazi. RISC OS Open huorodhesha kazi zinazohitajika, watu huchangia kazi waipendayo kiasi chochote, na pesa ikitosha mtayarishaji programu huichukua. Kazi ya kuiboresha Paint, programu ya kuchora inayokuja na mfumo, ilipita njia hiyo, na ya kuufanya upya mfumo wa mtandao nayo iliwekewa mfuko wake. Kwa mtu aliyelelewa kwenye harambee na chama, mpango huu hauhitaji maelezo. Nachangia kidogo kidogo, hasa kwa mambo ya mtandao, kwa kuwa ndiyo yanayonibana.

Si kila kinachouzwa ninanunua, hata hivyo. Kabla ya kutoa pesa naangalia lini programu ilisasishwa mara ya mwisho, kama imejaribiwa kwenye Pi 4, na kama kuna mtu wa pili mwenye msimbo wake. La mwisho ndilo zito. Watayarishaji wengi walianza enzi za Acorn na umri umesonga. Namuuliza muuzaji waziwazi, kwa adabu, programu hii itakuwa ya nani wewe ukipumzika? Wengi hawakasiriki. Asiye na jibu namchangia kama napenda kazi yake, lakini sijengi kazi yangu juu ya programu yake.

DDE imefaulu maswali yote matatu. Ukitaka kujaribu RISC OS, pakua toleo la 5.30, ni bure, liweke kwenye memori kadi, na ucheze na BASIC kwanza. Ukiona imekuingia, na unaandika C, na unataka programu yenye madirisha yake, nunua DDE. Ila mashine iwe Pi 4 au Pi 400; Pi 5 iache kwa sasa, hata muuzaji akikuhakikishia kwamba zote ni sawa. Programu ya chama inafanya kazi, mweka hazina wetu anapokea faili la CSV, yaani jedwali la maandishi ya kawaida, kila mwisho wa mwezi na kulifungua kwenye simu yake. Kinachofuata ni kuiongezea faini za wachelewaji, kwa maana hapo ndipo mabishano ya kikao yanapoanzia.