Seti ya nyonyo zinazofupika: kwa mtoto gani inafaa?

Nyonyo hizi za kumwachisha mtoto nyonyo ya kutulizia (chuchu bandia anayonyonya bila maziwa) huuzwa nne au tano kwa pamoja. Kwa nje zinafanana. Tofauti iko kwenye ncha. Ya kwanza ina urefu unaokaribia wa ile aliyoizoea, kila inayofuata ni fupi zaidi, na ya mwisho ni kishina tu kisichotulia kati ya ulimi na kaakaa. Siri yote ni hiyo: ncha ikifupika hakuna cha kuvuta, utamu unapungua, na mtoto anaanza kuitema mwenyewe.

Wapo wanaokata nyonyo ya kawaida kwa mkasi ili waokoe pesa. Wasifanye hivyo. Silikoni iliyokatwa huchanika kuanzia kwenye mkato, na kipande kikinyofoka kinaweza kumkaba mtoto. Za seti zimetengenezwa fupi tangu kiwandani, hivyo hazina mkato. Hata hivyo, kila siku vuta ncha pande zote kabla ya kumpa, hasa zile fupi, maana mtoto asiyepata cha kunyonya hutafuna. Ukiona alama ya jino, tupa.

Kasoro kubwa ni umbo. Aliyezoea ncha bapa akipewa ya duara huikataa siku ya kwanza, na hapo hajaachishwa, amekasirishwa tu. Linganisha kabla ya kununua. Kasoro ya pili inaudhi zaidi: kila hatua ina nyonyo moja. Ikipotea saa nane usiku, ile ya zamani itatolewa kabatini na kazi ya wiki nzima itaharibika. Nunua seti mbili. Za zamani zitoke nyumbani zote, pamoja na ile ya kwenye mkoba na ya anayemlea mchana.

Usianze na seti. Kwanza, kwa wiki moja, nyonyo ibaki ya kulalia tu. Kisha siku tatu hadi tano kwa kila hatua. Akisumbuka sana ongeza siku mbili, lakini usirudi nyuma. Akiwa mgonjwa, au mnahama nyumba, au amezaliwa mdogo wake, ahirisha.

Seti haizuii kidole. Mtoto akihamia kwenye kidole gumba umepata tatizo gumu zaidi, kwa sababu hicho hakifichwi. Mpe kitambaa au mwanasesere wa kushika tangu hatua ya pili.

Inamfaa zaidi mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili. Kabla ya mwaka hakuna haraka: kulala na nyonyo kumehusishwa na kupungua kwa vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Wa miaka miwili na nusu anaelewa akiambiwa. Mhesabie siku tatu, zikusanyeni pamoja, zitupeni. Usiku mbili tatu zitakuwa za kilio, lakini hutakuwa umenunua kitu.