Uzoefu wangu na dawa ya ukungu yenye azoksistrobini kwenye nyasi za nyumbani

Mwezi Juni mwaka jana, masika yakiwa yamekwisha na baridi ya Arusha imeshaingia, nyasi za paspalamu zilizo mbele ya nyumba yangu zilitoka mabaka matano ya rangi ya majani makavu, dogo kuliko yote likiwa na upana wa sahani na kubwa likikaribia ukubwa wa mkeka. Fundi wa bustani niliyemwita aliyatazama akiwa amesimama wima, akasema ni funza, akapulizia dawa ya wadudu na kuondoka na malipo yake. Baada ya siku kumi mabaka yalikuwa yamepanuka.

Kabla ya kutoa fedha tena, niliamua kuchunguza mwenyewe. Nilichimba kipande cha nyasi ukingoni mwa baka, kwa sababu katikati huwa kumekwisha kufa na hakuna cha kusoma, na sikukuta funza hata mmoja. Mizizi ilikuwa mizima na imeshika udongo. Hata hivyo, majani yalipovutwa kwa vidole viwili yalichomoka bila ubishi, na pale yanapolikumbatia shina palikuwa pameoza na kuwa kahawia iliyoiva. Asubuhi, umande ukiwa haujakauka, ukingo wa baka ulionekana una rangi ya chungwa. Afisa ugani niliyempelekea picha na kipande chenyewe alisema ni ukungu wa Rizoktonia, ambao hustawi wakati wa ubaridi na unyevu.

Alinishauri nitumie dawa yenye viambato viwili, azoksistrobini, inayozuia ukungu kupumua, na difenokonazoli, inayouzuia kujenga utando wa seli zake. Niliinunua duka la pembejeo, chupa ya mililita 100, baada ya kuhakikisha kwamba lebo ina namba ya usajili wa TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Malalamiko yangu makubwa ni hiyo lebo. Maandishi yake ni madogo mno, na mazao yaliyotajwa ni nyanya, vitunguu na mengineyo ya shambani. Nyasi za nyumbani hazimo. Muuzaji alinielekeza nitie "kizibo kimoja kwa bomba" bila kuniuliza bomba langu ni la lita ngapi. Nilirudi kwa afisa ugani, akanikokotolea kipimo kwa mita za mraba, nami nikapima kwa sirinji. Nilipulizia jioni isiyo na upepo, nikiwa nimevaa glavu na barakoa, watoto wakizuiwa kukanyaga hadi nyasi zikauke, kisha nikarudia baada ya siku 14.

Anayetarajia kuona kijani kesho yake atavunjika moyo, kwa kuwa dawa hii husimamisha ugonjwa lakini haifufui jani lililokufa. Katika wiki ya pili nilichokiona ni kwamba ukingo ule wa rangi ya chungwa umetoweka na vijiti nilivyochomeka kuzunguka mabaka havijapitwa. Nyasi zenyewe zilianza kutambaa kuziba mapengo mwezi Septemba, joto liliporejea. Sharti niseme pia kwamba nilikuwa nimeacha kumwagilia kila jioni, nikahamia asubuhi mara mbili kwa wiki, na nilisitisha mbolea ya urea niliyokuwa nikiimwaga. Kwa hiyo siwezi kuipa dawa sifa zote.

Naipa nyota nne kwa kazi yake na mbili kwa lebo yake. Mabaka manne yamefunga kabisa. La tano, lililo karibu na geti, halikuonyesha nafuu hata baada ya mipulizo yote miwili, mpaka nilipoinama na kuona kwamba limezungukwa na duara la nyasi za kijani kibichi zilizonenepa kuliko wenzake. Hapo ndipo mbwa wetu hukojoa kila asubuhi anapofunguliwa.