Mafuta ya kununua kwa sabuni ya nyumbani, kwa sisi wa Mbeya

Kabla hujatoa hela, ngoja asubuhi moja ya Julai. Weka dirishani usiku vichupa vitatu: mafuta ya nazi, mawese na alizeti. Ukiamka, ya nazi yatakuwa meupe na magumu kama mshumaa, mawese yatakuwa mazito ya rangi ya chungwa, na alizeti bado yanamwagika. Sabuni nayo itafuata mpangilio huohuo. Mafuta yanayoganda hutoa mche mgumu. Yasiyoganda, ukiyatumia peke yake na bila subira, hutoa mche unaogeuka ute kwenye kisahani cha bafuni. Ndiyo maana yale ambayo mama anayalalamikia jikoni kwa kuganda, mimi ndiyo ninayoyakimbilia.

Namba moja: mawese ya Kyela. Hapa sina mjadala. Yanatoka jirani, hayana gharama ya kusafirishwa kutoka pwani, na yanatoa mche mgumu usioisha haraka. Sabuni itakuwa ya njano au chungwa, na ukiianika juani rangi itapauka. Usishangae povu likiwa na wekundu kidogo, ila taulo jeupe liweke mbali.

Tatizo la mawese ya sokoni ni maji. Mafuta haya huchemshwa na maji wakati wa kukamuliwa, na mengine hubaki. Mwanjelwa huwa naenda mchana, jua likishayalainisha, nainamisha kidumu taratibu nione kinachotembea chini. Mama mmoja alinicheka: "Haya ni mafuta baba, si asali!" Akanigeuzia kidumu kingine, na kweli cha kwanza kilikuwa na maji ya kama nusu kikombe. Ukishayafikisha nyumbani, yapashe moto mdogo, yaache yatulie, kisha chota ya juu. Maji ukiyapima kama mafuta, hesabu yako yote imeharibika.

Namba mbili: nazi, lakini kidogo. Bila nazi sabuni ya mawese ina povu la uvivu. Nazi ndiyo inayoleta povu jingi, jeupe, la haraka. Ila ikizidi inakausha ngozi, na ngozi ya mtu wa Uyole mwezi wa saba haihitaji msaada wa kukauka. Robo ya mafuta yote inatosha.

Kwa kuwa huku nazi hailimwi, unalipia safari. Epuka vichupa vya maduka ya vipodozi vilivyotiwa manukato. Unataka mafuta yenyewe ya kupikia. Baridi yetu inakusaidia kuyakagua: mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo chupa inayobaki maji asubuhi ya kipupwe iulize maswali. Ukimpata mtu anayekuletea mafuta ya mise kutoka Kigoma, chukua. Yanatokana na kokwa ya mchikichi na yanafanya kazi inayokaribiana na ya nazi.

Namba tatu: shahamu ya ng'ombe. Bei yake inategemea urafiki wako na mwenye bucha. Iyeyushe na maji na chumvi, ichuje kwa kitambaa, iache igande, uondoe uchafu wa chini. Rudia mara mbili na harufu itapungua sana. Mche wake ni mweupe na mgumu mno. Ingepanda juu kama si ile siku nzima ya nyumba kunuka supu. Na kama sabuni utawagawia majirani, hakikisha bucha haichanganyi na ya kitimoto.

Namba nne: alizeti. Yanapatikana kila kona kuanzia Iringa hadi Mbozi, na ndiyo kishawishi kikubwa cha anayeanza. Yatie robo tu, kulainisha. Yakizidi, mchanganyiko unachelewa kushika, mche unabaki laini, na baada ya miezi kadhaa unatoka madoa ya kutu na harufu ya mafuta ya chipsi ya juzi.

Namba tano: parachichi. Najua, Rungwe na Njombe tumezungukwa na parachichi, na chupa ile ya kijani inavutia. Lakini kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, haijui kuwa umenunua kitu cha ghali. Inageuza sehemu kubwa kuwa sabuni kama mafuta mengine. Chupa hiyo jipake visigino vilivyopasuka, ndiko utakakoiona faida yake.

Kwa mara ya kwanza chukua mawese gramu 500, nazi 250 na alizeti 250. Hapo inaingia kostiki soda gramu 142 ndani ya maji gramu 285, na karibu asilimia 5 ya mafuta inabaki bila kugeuzwa, kwa ajili ya ngozi. Acha miche iive wiki nne hadi sita. Usibadilishe mafuta kienyeji. Gramu 100 za nazi zinahitaji kostiki kama gramu 18, alizeti 13 na nusu. Mimi niliwahi kukosa nazi, nikajaza alizeti, kostiki nikaiacha ileile. Sabuni ilitoka nzuri kwa macho, ikanichoma vidole kama pilipili. Nilitupa kilo nzima.

Kwa hiyo hela ya parachichi inunulie mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kostiki yenyewe iwe nyeupe na kavu kwenye kopo linalofunga; iliyoshikana mabonge imeshanyonya unyevu. Ukipewa magadi, rudisha, si kitu kimoja. Nunua pia glovu na miwani, na fanyia kazi nje, kostiki ikimiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Chombo kiwe ndoo ngumu ya plastiki au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Ile ya alumini ya mke wangu ilichemka yenyewe bila moto, ikatoa gesi, ikageuka nyeusi. Sasa ina mche wa mnanaa uani, na bado naulizwa habari zake.