Albamu ya BBNG ya kundi la BADBADNOTGOOD: Nas bila Nas, barazani Langoni

Ami yangu amepita miaka sabini na amepiga udi tangu mimi sijazaliwa. Rap haisikilizi. Kwake yale ni maneno yanayokimbizana, na muziki umewekwa nyuma kama tandiko la punda. Basi mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimekaa barazani Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, na spika yangu ndogo. Ami akapita akielekea nyumbani, akasimama.

"Hiyo piano ya nani?"

"Ami, huo ni wimbo wa rap."

Akanitazama, akaweka fimbo ukutani, akakaa. "Irudishe nyuma."

Wimbo wenyewe ni "The World Is Yours" wa Nas, rapa wa New York, ila Nas hayumo. Wamo vijana watatu wa Toronto, Kanada: Matthew Tavares kwenye kibodi, Chester Hansen kwenye gitaa la besi na Alexander Sowinski kwenye dramu. Wanajiita BADBADNOTGOOD. Walikutana mwaka 2010 wakisomea jazi katika Humber College, na mwaka uliofuata wakatoa albamu hii ya kwanza, BBNG, wakaiacha mtandaoni watu waipakue. Inasimuliwa kwamba waalimu waliposikia wanapiga nyimbo za kundi la rap la Odd Future hawakuona muziki wa maana ndani yake, lakini rapa Tyler, the Creator, ambaye alikuwa wa kundi hilo hilo, alipoiona video yao wakizipiga akaisambaza. Mimi nimechelewa kuipata, miaka mingi. Kwa wiki sita sasa naisikiliza kila usiku nikifunga duka, na naandika haya kwa sababu sijaona mtu aliyeieleza kwa lugha yetu.

Nijieleze kidogo. Mchana natengeneza simu na redio kwenye kibanda kilicho nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na wakati wa harusi napiga kibodi katika kikundi cha taarabu. Rap niliijua kwa kaseti za binamu yangu wa Mombasa, na nyimbo za Nas nilizikariri kabla sijaelewa nusu ya Kiingereza chake. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili, ya maneno na ya vyombo, na ndiyo maana albamu hii imenigusa kuliko nilivyotarajia.

Turudi kwenye ile piano iliyomkalisha Ami. Nas aliutoa wimbo ule mwaka 1994, na biti, yaani muziki wa chini ya maneno, aliitengeneza prodyuza Pete Rock, ambaye pia ndiye anayeimba kiitikio. Piano yenyewe hakuipiga yeye. Aliikata kutoka santuri ya mpiga piano wa jazi Ahmad Jamal ya mwaka 1970, wimbo "I Love Music", ambamo Jamal anapiga na wenzake wawili tu, besi na dramu. Pete Rock alichukua kipande kifupi mno akakizungusha. Mashine za wakati ule zilikuwa hivyo. SP-1200, mashine ya kunasa na kukata sauti aliyoipenda yeye na maprodyuza wengi wa New York, ilikuwa na nafasi ya sekunde 10 tu za sauti. Sekunde kumi kwa kila kitu! Ilibidi usikilize santuri nzima, uchague pumzi moja, na pumzi hiyo iweze kurudiwa dakika nne bila kumchosha msikilizaji. Mimi ninayefungua redio za watu kutwa nzima naiheshimu sana kazi ya namna hiyo, ya kubanwa na chombo na bado ukatoa kitu.

Sasa tazama safari ile. Watatu wa jazi wanarekodi mwaka 1970. Prodyuza anakata kipande, rapa anaweka maneno juu yake. Miaka kumi na saba baadaye watatu wengine, wenye vyombo vya aina ile ile, wanakichukua kipande na kukifungua tena. Katika rap kile kipande kilikuwa kimefungwa, kinazunguka pale pale. Hapa piano inaanza kwa duara lile tunalolijua, halafu inatoka, inatembea, inarudi ikipenda. Halafu wanageuka na kuingia "Brooklyn Zoo" ya rapa Ol' Dirty Bastard, na hapo mambo yanakuwa mazito.

Ami aliponiuliza maneno yako wapi, nilimjibu kwa kitu anachokijua zaidi yangu: zumari. Kwenye kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, wakati wa Maulidi au arusi, mpiga zumari haimbi neno hata moja, lakini watu waliozunguka uwanja wanayajua maneno ya ile nyimbo na wanayasikia kwenye zumari. Asiyeyajua husikia zumari tu, na bado hucheza. Ndivyo ilivyo hapa. Mimi naisikia mistari ya Nas yote, mahali pake, ingawa hakuna aliyefungua mdomo. Ami haisikii, anasikia piano. Tumekaa baraza moja, kila mtu na wimbo wake, na wote tunatikisa kichwa pamoja.

Kuna tofauti moja, nayo ndiyo iliyonifanya niipende kazi ya vijana hawa. Zumari hupiga sauti ya mwimbaji, kwa kuwa mwimbaji ana sauti, yaani tuni, ya kufuatwa. Rapa hana. Ukijaribu kuyapiga maneno ya rapa kwa saksofoni unapata kitu kibaya, na mtandao umejaa vitu hivyo: biti ya kompyuta chini, saksofoni juu inajikokota ikifuata kiitikio, ya kupigwa mahali watu wanapokunywa kahawa bila kusikiliza. Nimepakua nyingi na nimezifuta. BADBADNOTGOOD hawakumtafutia rapa mbadala. Nafasi yake wameiacha wazi, na anayeingia humo ni Sowinski na dramu zake. Yeye ndiye anayezungumza. Anakata mahali rapa angevuta pumzi, anajaza mahali angekimbia.

Sikiliza "Fall in Love", ya kundi la rap la Slum Village, biti ya prodyuza J Dilla wa Detroit. Dilla naye alikata jazi, santuri ya Gap Mangione ya mwaka 1968. Alifariki Februari 2006 akiwa na miaka 32, na mashine yake moja ya kutengenezea biti imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Kilichomfanya awe Dilla ni dramu zake kutokaa sawa kama saa. Zinavuta kidogo, kama mtu anayetembea mchangani. Anayejua kupiga chapuo, ile ngoma ndogo, atanielewa: kuna kuchelewa kwa asiyejua, na kuna kuchelewa kwa fundi. Dilla alikuwa akiupata mvuto ule kwa vidole juu ya mashine. Sowinski anautafuta kwa mikono na miguu kwenye dramu za kweli, na mara nyingi anaupata. Hapo napandisha sauti kila mara.

"Mass Appeal" ya kundi la rap la Gang Starr wameiunganisha na wimbo wa rock wa kundi la Joy Division, na muungano ule umenikaa vizuri ingawa Joy Division sikuwa nawajua. Zile nyimbo za mchezo wa video, Zelda, sina la kusema. Sikukulia na mchezo ule na haziniambii kitu. Viko pia vipande vya kupiga papo kwa papo vinavyorefuka bila kufika popote, na ninapovifikia naruka. Sauti yenyewe ni ya vijana waliorekodi kwa haraka: dramu ziko mbele mno na besi inazama. Kwenye spika ya simu besi hutaisikia kabisa, na besi ndiyo iliyoshika nyumba. Tafuta spika za masikioni zilizo nzuri, au unganisha na spika ya harusi ukiwa na majirani wavumilivu.

Albamu ya pili, BBNG2 ya mwaka 2012, ni safi zaidi kwa sauti na humo wamepiga "Flashing Lights" ya Kanye West. Wengi huiona ndiyo bora. Mimi nabaki na ya kwanza kwa sababu ya ile piano.

Niliijaribu mwenyewe. Kuna hoteli moja Shela ambako napiga kibodi baadhi ya Jumamosi wageni wakila, na ninachotakiwa ni muziki usiowasumbua. Nikamchukua rafiki yangu mpiga ngoma ya dumbaki, tukapiga lile duara la Nas, polepole, dakika saba hivi. Mezani hakuna aliyeinua macho. Lakini kijana mmoja wa mashua aliyekuwa anapandisha mizigo ya wageni alisimama ngazini na begi begani. Midomo yake ikaanza kusogea. Ubeti wa kwanza wote, bila sauti, akautoa. Mwisho akanionyesha kidole gumba na kuendelea kupanda. Nilikosa noti mbili kwa furaha.

Tangu usiku ule wa baraza Ami amekuwa akipita kibandani. Nilimtilia albamu kwenye flashi, maana redio yake inasoma flashi, na alikaa nayo siku nne. Juzi akaja na udi kwenye mfuko wake wa kitambaa. "Ndoo usikie," akaniambia, akakaa juu ya kreti ya soda katikati ya simu zilizofunguliwa, akapiga lile duara la piano kwa udi. Halikuwa sawa sawa. Alikuwa amelivuta upande wake, akaliingizia zile sauti za katikati ambazo kibodi yangu haina. Mteja aliyekuja kuchukua simu yake akasahau kuniuliza bei.

Nikamwambia kuna ya mwanzo, ya yule mzee Ahmad Jamal, ya 1970. Akanirudishia flashi pale pale.

"Itie hiyo. Na hizi za watoto usizifute."