Huduma ya wakili katika kesi ya barabarani: tuliyoyaona Tanga

Dereva aliyepigwa tochi, yaani kupimwa mwendo na kifaa cha polisi, kwenye eneo la kilomita 50 kwa saa, naye mwenyewe anajua kwamba alizidisha mwendo, hana haja ya kumtafuta wakili. Alipe faini yake kwa namba ya malipo aliyopewa, kwani ada ya wakili, hata ya siku moja, itaizidi faini hiyo. Huduma ninayoieleza hapa ilihusu kesi nzito zaidi: mdogo wangu, dereva wa lori aina ya Fuso, alishtakiwa kwa kuendesha gari bila uangalifu na kusababisha majeraha, baada ya kugongana na bodaboda karibu na Pongwe, katika barabara kuu iendayo Segera. Tulimchukua wakili mwenye ofisi Ngamiani, na fedha yetu haikupotea.

Watu wengi walimshauri mdogo wangu akiri kosa, aombe huruma ya hakimu, alipe faini na arudi kazini. Kabla ya kuzungumzia ada, wakili alitueleza kwamba, kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mshtakiwa anayetiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, isipokuwa kuhusu adhabu. Kwamba mahakama ina uwezo wa kumnyima leseni. Na kwamba hukumu ya jinai inaweza kutumika kama ushahidi majeruhi akifungua kesi ya madai ili alipwe fidia. Kwa mtu ambaye mkate wa watoto wake unatoka kwenye usukani, maelezo hayo peke yake yalikuwa na thamani kubwa.

Kazi iliyonivutia zaidi aliifanya ofisini. Aliutandaza mezani mchoro wa ajali uliochorwa na askari, akaweka rula juu yake, akamuuliza mdogo wangu upande gani gari lilikuwa likielekea na bodaboda ilitokea wapi. Hati ya mashtaka ilidai kwamba Fuso liliuacha upande wake wa barabara, lakini alama ya mahali pa kugongana ilikuwa imewekwa ndani ya upande huohuo wa Fuso. Siku askari aliyechora mchoro alipotoa ushahidi, wakili hakupandisha sauti wala hakumvunjia heshima; katika maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, alimwomba tu aioneshe mahakama alama hiyo kwa kidole, kisha ataje upana wa barabara alioupima. Upande wa mashtaka ulipofunga ushahidi wake, mahakama iliona kwamba mdogo wangu hana kesi ya kujibu, ikamwachia huru bila yeye kuhitaji kujitetea.

Yapo yasiyoridhisha. Siku moja wakili alimtuma msaidizi ambaye hakuwa amelisoma jalada, kesi ikaahirishwa, na mdogo wangu akapoteza kipato cha siku ile bure. Gharama za kudurufu nyaraka na za usafiri hazikutajwa tulipokubaliana ada, ambayo tayari ilikuwa imezidi mshahara wake wa mwezi. Anayekwenda kwa wakili yeyote adai makubaliano ya maandishi yanayotenganisha ada na gharama nyingine, na apewe stakabadhi kwa kila malipo.

Kwa asiyemudu ada hiyo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada bila malipo kwa wasio na uwezo, na inafaa kuulizia mapema, kabla shtaka halijasomwa. Atakayeamua kujitetea mwenyewe ana nafuu moja, kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na anaweza kufuatilia kila kinachosemwa. Lakini asijibu shtaka la ajali kabla ya kuisoma hati ya mashtaka kwa utulivu, na aombe kuuona mchoro wa ajali kabla shahidi wa kwanza hajaitwa.